Gari Linapogoma Kuwaka

Injini ya gari haina uwezo wa kujianzisha. Ili pistoni ya kwanza ivute hewa, iibane na kupata mlipuko, sharti kitu kingine kiizungushe kranki kwanza. Zamani kitu hicho kilikuwa mkono wa dereva na hendeli, na waliowahi kuendesha Land Rover za zamani wanajua jinsi hendeli ilivyoweza kurudi nyuma ghafla na kumvunja mtu mkono. Charles Kettering wa Marekani ndiye aliyeipunguza adha hiyo: stata yake ya umeme iliwekwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na hataza yake ilitolewa 1915. Kazi ya mkono ikahamia kwenye betri, nyaya, swichi na mota ndogo ya umeme, na chochote kati ya hivyo kikilegea, gari hugoma.

Swali la kwanza katika kutafuta ugonjwa ni jepesi, lakini ndilo linalorukwa mara nyingi: injini inazunguka au haizunguki? Mwenye gari akipiga simu gereji husema tu kwamba "gari haliwaki", na maneno hayo hubeba magonjwa mawili yasiyo na undugu. Injini inayozunguka kwa kasi yake ya kawaida bila kushika ina shida ya mafuta, cheche, hewa au mgandamizo. Injini isiyozunguka, au inayozunguka kwa uvivu, ina shida ya umeme wa stata, na mara chache ugumu wa injini yenyewe. Fundi asiyetenganisha mambo hayo hujikuta anasafisha nozeli za gari ambalo betri yake haina moto.

Miongoni mwa magari yaliyomfunza mwandishi wa makala haya utaratibu huo ni pikapu moja ya dizeli iliyokuwa ikibeba viazi kutoka Makete hadi Makambako. Makete iko juu sana, na asubuhi za Juni na Julai huko ni za ukungu, pengine na sakitu kwenye majani. Mwenye pikapu, mzee aliyeijua barabara ile kwa kila kona, alikuwa na desturi ya madereva wengi wa milimani: kila jioni aliegesha kwenye mteremko. Asubuhi aliachia breki, akaliacha gari lishuke, akaingiza gia ya pili na kuachia klachi; injini ikashika. Ufundi huo ni wa kusifiwa, ila uliuficha ugonjwa kwa miezi mingi. Stata ilipoanza kuzunguka kwa uvivu hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyeipiga. Siku pikapu ilipozimwa kwenye uwanja tambarare ikiwa imejaa mzigo, ikawa haina la kufanya ila kusubiri vijana wa kusukuma. Baada ya hapo betri ilibadilishwa, na stata ikafumuliwa na kutiwa kaboni mpya. Pikapu iliendelea kuzunguka kwa kujikokota.

Kabla ya mita kutolewa kwenye mkoba, masikio na macho huweza kumaliza nusu ya kazi. Taa kubwa zikiwashwa na msaidizi akageuza ufunguo, taa zenyewe hutoa ushahidi. Zikififia hadi kufa huku stata ikiwa kimya, umeme hautoshi: betri imekwisha, au taminali imelegea kwenye kichwa cha betri. Zikibaki kali kana kwamba hakuna lililotokea, basi amri ya kuzunguka haijafika kwenye stata, na wa kutafutwa ni fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo, au swichi ndogo inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia. Kwa gari la otomatiki inafaa kujaribu kwenye N kabla ya kuita mtu. Swichi hiyo ikichakaa, P huweza kukataa na N ikakubali.

Mlio wa haraka haraka, ta-ta-ta-ta, una maelezo yake. Juu ya stata kuna solenoidi, sumaku ya umeme inayofanya kazi mbili: kusukuma meno ya stata yaumane na meno ya flaiwili, na kuunganisha njia ya umeme mkubwa kwenda kwenye mota. Betri iliyochoka ina nguvu ya kuivuta solenoidi, lakini mara umeme mkubwa unapofunguliwa, volti huanguka, solenoidi huachia, volti hupanda tena, solenoidi huvuta tena. Mlio huo kwa hiyo humaanisha, karibu kila mara, volti ndogo. Mlio mmoja mzito, tak, kisha kimya huku taa zikiwa bado kali, ni habari nyingine: solenoidi imevuta na kushikilia, lakini umeme haukupita. Kwenye stata nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 chanzo ni vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi vilivyoliwa na cheche za miaka mingi. Vipande hivyo huuzwa peke yake kwa bei ndogo, na stata yenyewe huweza kudumu miaka mingine. Kuna pia mlio wa mota kuzunguka kwa kasi bila injini kutikisika: hapo bendeksi, sehemu inayobeba meno ya stata, inateleza, au meno ya flaiwili yamekwanguka sehemu moja.

Kisha huja mita, na betri hupimwa kwanza kwa sababu ndiyo rahisi kufikiwa. Betri nzima ya volti 12, ikiwa imepumzika saa kadhaa, husoma karibu 12.6. Kwenye 12.4 imebaki na robo tatu ya chaji, kwenye 12.2 nusu, na kwenye 12.0 imekaribia robo. Gari likiwa limetoka safarini namba hudanganya kwa kuwa juu kuliko hali halisi. Taa kubwa zikiwashwa dakika moja au mbili na kuzimwa, uongo huo huondoka. Hata hivyo, namba ya betri iliyopumzika haitoshi kuiondolea betri hatia. Betri yenye bamba zilizokufa huweza kusoma 12.6 asubuhi na kuanguka hadi 7 mara stata inapovuta. Kipimo chenye uzito ni kile kinachochukuliwa wakati wa kupiga stata: betri yenye afya, katika joto la kawaida, haishuki chini ya volti 9.6. Kwa betri zinazofunguliwa vifuniko, haidromita hueleza zaidi, kwa sababu husoma chumba kimoja kimoja. Maji makali ya betri iliyojaa husoma karibu 1.265, na chumba kimoja kikiachana na vingine kwa zaidi ya 0.050, betri hiyo haitaponyeka kwa kuchajisha.

Hali ya hewa huingia katika hesabu hii kwa njia ambayo wengi huipindua. Kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi betri hupoteza takriban theluthi moja ya nguvu yake ya kuzungusha stata, na oili ya injini huwa nzito wakati huohuo, hivyo wakazi wa Makete, Njombe au Limuru husema baridi imeua betri. Kinachoiua betri kwa kweli ni joto. Betri za Tanga, Mombasa na Dar es Salaam huchakaa mapema zaidi, kwa kuwa joto huharakisha kutu ya bamba na kukausha maji. Baridi hufichua tu uchovu uliokwisha kuwapo. Pwani ina balaa la pili, chumvi ya hewani, inayokula taminali na ncha za nyaya.

Betri mpya ikiwekwa bila kupima chaji, pesa huweza kwenda bure. Injini ikiwaka, volti kwenye vichwa vya betri inatakiwa kuwa kati ya 13.8 na 14.5 hivi kwa magari mengi. Ikibaki 12 na kitu, alternata au mkanda wake haufanyi kazi, na betri mpya itakufa kama ile ya zamani. Kwa gari linalokufa likilala na kufufuka likibustiwa kwa betri ya gari jingine, kuna uwezekano wa umeme kuvuja: redio, king'ora cha ulinzi au taa ya buti. Kila kitu kikizimwa na gari likaachwa litulie, uvujaji wa zaidi ya miliampea 50 ni wa kutiliwa shaka.

Pikapu ya viazi ilipita vipimo hivyo vyote. Betri ilisoma vizuri, na hata stata ilipopigwa haikushuka chini ya 10. Hapo ndipo mafundi wengi huishiwa, na ndipo sehemu ya ugonjwa isiyopewa heshima yake inapoanza: nyaya.

Stata ya injini ndogo ya petroli huvuta ampea 100 hadi 200. Ya dizeli huweza kuvuta 200 hadi 400. Katika umeme mwingi kiasi hicho, hata upinzani mdogo sana hugeuka kuwa hasara kubwa. Ohmu 0.01 tu, ikipitiwa na ampea 200, hula volti 2 na kugeuza wati 400 kuwa joto. Mita ya kawaida ikiwekwa kwenye ohmu haiwezi kuiona ohmu 0.01 kwa uhakika. Itasema waya ni mzima. Taa ya testa nayo itasema hivyohivyo, kwa kuwa huwaka hata kama uzi mmoja tu wa shaba umebaki ndani ya waya wenye nyuzi mia. Kwa hiyo waya wa stata haupimwi ukiwa umelala. Hupimwa ukiwa kazini, na kinachotafutwa ni volti zinazopotea njiani.

Utaratibu wake hauhitaji kifaa cha gharama. Mita huwekwa kwenye volti za betri. Ncha moja hushikizwa kwenye kichwa chenyewe cha chanya cha betri, risasi yenyewe na si taminali iliyoibana, na ncha nyingine kwenye bolti ya stata. Msaidizi hupiga stata sekunde chache. Mita ikisoma chini ya 0.5, upande wa chanya ni mzima. Kisha upande wa hasi: ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, na stata hupigwa tena. Hapa kinachokubalika hakizidi 0.2 hivi. Namba ikizidi, ncha ya mita husogezwa hatua kwa hatua, kutoka kichwani hadi taminali, kutoka taminali hadi mwisho wa waya, kutoka waya hadi bolti, mpaka panapoonekana volti zinaporukia. Kuizuia dizeli isiwake wakati wa kipimo, waya wa solenoidi ya kuzimia kwenye pampu hutolewa. Kwa petroli hutolewa fyuzi ya pampu ya mafuta.

Kwenye pikapu ile ushahidi ulijitokeza kabla hata mita haijasogezwa. Kijana msaidizi aliyeegemeza mkono kwenye injini aliutoa haraka. "Mzee, huu waya mbona wa moto?" aliuliza. "Huo ni wa mafuta, mwanangu," mzee akamjibu, "huo hauna umeme." Ulikuwa waya wa akselereta, waya wa chuma ndani ya mpira, usiohusika na umeme hata kidogo. Lakini umeme unaotoka betri kwenda stata lazima urudi, na njia yake ya kurudi ni chuma cha injini na waya mnene wa hasi. Waya huo ukikatika au ukiliwa na kutu, umeme hutafuta njia nyingine yoyote inayounganisha injini na bodi: waya wa akselereta, waya wa klachi, hata bearingi. Waya mwembamba wa chuma ukipitishwa umeme wa stata hupata moto, na huweza kuyeyusha mpira wake. Mita ilipowekwa upande wa hasi ilionyesha zaidi ya volti 2 zikipotea. Waya wa hasi ulionekana mzuri kwa nje. Ulipochanwa mpira karibu na bolti ya bodi, ndani mlikuwa na unga wa kijani. Waya mpya ulifungwa, chuma kilipigwa msasa hadi kikang'aa, na stata ileile ikageuza injini kwa kasi ambayo mzee alikuwa ameisahau.

Mtu huweza kuuliza kwa nini betri na stata vilibadilishwa kwanza. Jibu ni kwamba vifaa huuzwa dukani na vina bei, wakati kipimo hakina bei. Fundi hulipwa kwa alichofunga kuliko kwa alichokiondolea hatia. Desturi hiyo haitokani na wizi, kwa kawaida. Ni mazoea ya soko.

Nyaya zikiwa safi na betri nzima, na bado injini inazunguka polepole, stata ndiyo inayobaki: kaboni zimekwisha, bushi zimelika kiasi kwamba amecha, sehemu ya mota inayozunguka, inasugua ukuta, au shaba za solenoidi zimeungua. Dereva akikwama njiani, kuigonga stata kidogo kwa mpini wa spana huku mwingine akigeuza ufunguo huweza kuiamsha kaboni iliyokwama. Huo ni msaada wa kufika nyumbani, si matibabu. Kuunganisha bolti mbili za solenoidi kwa bisbisi, jambo linaloonekana kila siku kwenye gereji za kando ya barabara, kunahitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu gari likiwa kwenye gia huruka mbele, na aliyekwisha kuinama chini yake hana muda wa kukimbia. Stata haipaswi kupigwa zaidi ya sekunde 10 au 15 kwa mfululizo. Baada ya hapo ipumzishwe walau dakika moja, la sivyo itaungua kweli.

Kubusti nako kuna kanuni yake: chanya hufungwa kwa chanya, hasi ya betri nzima hufungwa mwishoni kabisa kwenye chuma cha injini iliyokufa, mbali na betri yake. Betri hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche ya mwisho ikitokea juu yake huweza kuipasua na kummwagia mtu maji makali usoni.

Kuna ugumu wa injini ambao haupaswi kulazimishwa. Gari lililopita kwenye maji ya mafuriko, kwa mfano pale Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika, likizima na kisha stata ikagota ghafla, huenda maji yameingia kwenye silinda. Maji hayabaniki. Kuendelea kupiga stata au kuvuta gari likiwa kwenye gia hupinda fimbo ya pistoni. Plagi hutolewa kwanza, au nozeli kwa dizeli, ndipo injini izungushwe na maji yaruke nje. Oili nayo ina sehemu yake: oili ya 20W-50 inayofaa Pwani huwa nzito asubuhi ya Makete, na 15W-40 hupunguza mzigo wa stata waziwazi.

Injini inayozunguka vizuri bila kuwaka huanza ukurasa mwingine. Kwa dizeli, macho hutazama ekzosi wakati stata inapigwa. Moshi mweupe humaanisha mafuta yanafika lakini hayaungui, na hita plagi ndizo hushukiwa kwanza kukiwa na baridi. Hakuna moshi kabisa humaanisha mafuta hayafiki: solenoidi ya kuzimia haifungui, chujio limeziba, au upepo umeingia kwenye mfumo na unahitaji kutolewa kwa pampu ya mkono. Dizeli haina cheche. Hutegemea joto la hewa iliyobanwa, kwa injini za zamani kwa uwiano wa takriban 22 kwa 1. Ndiyo maana stata dhaifu, ambayo ingetosha kuwasha petroli, huishinda dizeli: hewa ikibanwa polepole joto hupotelea kwenye kuta za silinda kabla mafuta hayajapulizwa.

Kwa petroli plagi moja hutolewa na kutazamwa. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki, na pampu, fyuzi na rilei yake hufuata. Ikiwa imelowa, cheche haipo au petroli imezidi. Kwenye magari mengi ya nozeli za umeme, kukanyaga akselereta hadi mwisho huku stata ikipigwa huzuia nozeli na kuikausha injini. Mafuta na cheche vikikosekana kwa pamoja, sensa ya kranki huwa ya kwanza kushukiwa, hasa kwa gari linalozimika likiwa moto na kukubali likipoa. Kompyuta ya kupimia magari huonyesha jambo hilo haraka: stata inazunguka, lakini mizunguko ya injini inasoma sifuri. Na stata inayozunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mdundo wa silinda kubana, mara nyingi hutangaza kwamba mkanda wa taimingi umekatika.

Mwisho kabisa hupimwa mgandamizo, kwa kuwa kazi yake ni ndefu na habari yake huwa mbaya. Petroli yenye afya hutoa bar 10 hadi 14. Dizeli za zamani hutoa karibu 30. Injini ya dizeli iliyoshuka chini ya bar 20 kwenye silinda zake haitawaka asubuhi ya baridi kwa betri yoyote wala stata yoyote, na hapo gharama ya haki ni moja tu: kufungua injini.